Kitabu Chepesi Nilichokuletea Wodini

Baba,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa hapa kibandani sokoni, saa nne asubuhi, na jua la Njombe limetoka lile lile unalolijua, linawaka lakini halimpashi mtu joto. Kigoda chako kipo. Wateja wanakikalia wakisubiri suruali zao zipunguzwe, nami siwafukuzi, ila moyoni namnunia kila mmoja. Juzi mama mmoja alikikalia muda mrefu anamenya karanga, maganda yote chini, nikamshonea pindo la gauni kwa hasira mpaka likaenda upande. Ilibidi nilifumue. Ungekuwepo ungenisema mbele yake, na ningestahili.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilianza kama tulivyofundishwa shule ya msingi, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Nikajicheka peke yangu, halafu nikalia, hadi fundi wa kibanda cha pili akaja kuuliza kama sindano imenichoma. Nikamwambia ndiyo.

Ni mwezi wa saba sasa tangu tukuzike kijijini Kichiwa. Mama nimemleta mjini, anakaa nami, anakula kidogo na kulala sana. Kaka Isaya amerudi kwenye biashara yake ya mbao. Baba mdogo Elia, huyo mdogo wako, ndiye msemaji wa familia siku hizi, na anasema kweli kweli. Watu wanatusifu kwamba tulikuuguza vizuri, wanasema ulikwenda kwa amani. Mimi najua hukwenda kwa amani, kwa sababu ndiye niliyekuletea kile kitabu. Nataka tuongee habari ya kitabu hicho, Baba. Wakati wa kuongea ulikuwepo, nikauacha upite. Sasa naongea na karatasi.

Kwanza nataka ukumbuke kwamba nilijua kuchagua. Usije ukadhani nilikosea kwa ujinga.

Wewe, mzee wa kanisa, mpima mbao mstaafu, msoma matangazo wa ibada ya kwanza, ulikuwa na udhaifu mmoja tu, vitabu vya kutisha. Mama aliita ushetani. Ndiyo maana ulivifunika kwa karatasi za kalenda ya kanisa ya mwaka uliokwisha, picha ndani na weupe nje, na Mchungaji alikukuta navyo mara ngapi akadhani ni mafundisho ya kipaimara. Kila ulipokwenda Makambako kwa shughuli za mbao ulirudi na kimoja kutoka kwa Yohana, yule muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi, anayevipanga kwenye turubai na kuvigandamiza kwa mawe kwa sababu ya upepo wa kule. Cha Kiingereza au cha Kiswahili, wewe ulikuwa hubagui. Nilipofika darasa la sita ukaanza kunichukua.

Jalada ulikuwa hulitazami. Likiwa na fuvu na damu ulilipita bila kusimama, ukisema huyo mwandishi amemaliza woga wake wote nje, ndani hakubaki kitu. Ulichokitazama wewe ni uchafu. Kitabu cha mtumba kina weusi wa vidole gumba vya waliotangulia, na ulikuwa unaufuata ule weusi ukurasa kwa ukurasa mpaka unapokoma. Hapo ndipo mtu aliacha kusoma. Sasa kazi ikawa kujua aliacha kwa kuchoka au kwa kuogopa. Aliyechoka, weusi wake unafifia polepole, anasoma huku anaruka. Aliyeogopa, unakatika ghafla. Ulinipa ule ukurasa niusome nimesimama, vumbi la Makambako linanipiga machoni, na wewe unanitazama uso.

Kisha ulifungua katikati. Ulitafuta ukurasa ambao hakuna anayekufa, mtu anachemsha maji tu au anaanua nguo, na kama hapo ulijisikia vibaya bila kujua kwa nini, ulisema kuna kitu humu. Mwishoni tulisoma ukurasa wa mwisho, sisi watu tusio na adabu. Ikiwa jua linachomoza, watu wanakumbatiana, na mtu anaweka chai mezani, ulikirudisha kwenye turubai na kukiwekea jiwe lake. Ulisema, "Hicho chepesi. Hicho mpelekee mgonjwa."

Nilipokuwa na miaka kumi na minne ukaniacha nichague peke yangu, nikavutwa na kimoja chenye popo watatu na herufi zinazochuruzika. Hukunikataza. Ulininunulia, ukanilazimisha kukisoma chote, kurasa zaidi ya mia mbili, na kila jioni ukaniuliza kwa heshima zote wale popo wanaendeleaje. Sikurudia tena.

Kikishanunuliwa, kilibaki kipimo cha hapa kibandani. Kitabu kinachotisha usiku ulikuwa hukihesabu, ulisema usiku hata ndoo inatisha. Ulikuja saa nne asubuhi, ukakaa kwenye kigoda, msumeno wa mbao unalia upande wa pili, wauza parachichi wanagombana, na ukasoma. Ukiogopa hapo, umeogopa kweli. Uso wako ulibaki wa mzee wa kanisa, haukusema chochote. Lakini mimi nilitazama miguu. Kitabu kikiwa cha kweli, miguu yako ilijivuta taratibu mpaka ikaingia chini ya kigoda, nami nikainamia cherehani nisikucheke. Miaka yote ile nilihesabu vitabu kumi na kimoja tu vilivyokuvuta miguu.

Basi ukaanza kukonda. Tukasema ni meno, tukasema ni baridi. Mwishowe daktari alituita koridoni, mimi, Isaya na Baba mdogo, akasema kwa upole kwamba ini limekwisha, kwamba tunahesabu wiki. Hakuna aliyelia. Baba mdogo akakohoa, akasema, "Mzee asiambiwe. Akiambiwa atakata tamaa." Na kwetu unajua, mkubwa akishasema, mjadala umefungwa. Wewe mwenyewe ulisema maneno hayo hayo Bibi alipougua. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, tulimchekea Bibi mpaka siku aliyofumba macho. Tukaingia wodini tunatabasamu. Tukakuambia ni vidonda vya tumbo, ukasema afadhali, ukanywa uji.

Wiki ya pili uliniita karibu, Baba mdogo akiwa ametoka. Ulisema umechoka kuogopa vitu vidogo vidogo vya humo ndani, sindano, magurudumu ya kitanda, viatu vya muuguzi. Ukasema, "Nenda Makambako ukanichagulie kimoja. Cha kutisha kweli. Usinionee huruma."

Nilikwenda kesho yake. Yohana akaniuliza mzee yuko wapi, nikamwambia hajambo, ana mafua. Uongo ulikuwa umeshanizoea. Nikachuchumaa nikaanza kufuata weusi wa vidole, na saa haikuisha nilikipata. Kilikuwa cha Kiswahili, kidogo, jalada limechanika hata jina halisomeki. Weusi ulikatika ghafla ukurasa wa arobaini na moja.

Nikaenda kukaa kwenye benchi la mama lishe, upande wa stesheni ya reli, nikaagiza chai. Ni habari ya mwanamume anayerudi nyumbani kutoka kazini na kukuta watu wote wa kwake wamekuwa wema. Ndiyo habari yenyewe. Hakuna jini, hakuna maiti. Mkewe anampokea mzigo, watoto hawagombani, mama yake anamwachia kiti chake, jirani aliyemnunia miaka anakuja kumsalimia. Jana amepewa firigisi, leo amepewa firigisi. Kila akiuliza kuna nini, wanatabasamu, wanamwambia hakuna kitu, kula. Ukurasa wa arobaini na moja anaingia jikoni bila kubisha, anawakuta wote wamesimama kimya wanautazama mlango, na wanapomwona, nyuso zinaanza kutabasamu, moja baada ya nyingine.

Nilivuta miguu chini ya benchi, Baba. Saa tano kasoro, jua kali, mama lishe anakaanga samaki mbele yangu. Chai ikapoa sijaigusa.

Kilikuwa ndicho, cha kumi na mbili. Ungenisifia mwaka mzima. Na sikuweza kukupa, kwa sababu wale watu wa jikoni walikuwa sisi.

Nikakirudisha kwa Yohana. Hata ukurasa wa mwisho sikuusoma, mimi niliyefundishwa kuusoma. Nikaokota kingine, cha meno na damu, nikaenda moja kwa moja mwisho, nikakuta wanakunywa chai, nikakinunua. Nikakifunika kwa karatasi ya kalenda ili usilione jalada. Njia nzima kurudi Njombe nilijiambia nimefanya tendo la upendo, na nilipofika nilikuwa karibu naamini.

Ulikisoma siku mbili. Nilikaa pembeni natazama miguu yako, imenyooka chini ya blanketi la hospitali, imetulia. Nikasubiri unitukane. Kitabu kibovu ulikuwa unakitukana wiki nzima, chenyewe, aliyekiandika, na Yohana aliyekiuza. Safari hii ulikifunga, ukakiweka juu ya kabati dogo, ukasema kizuri, asante mwanangu. Hukuwahi kunishukuru kwa kitabu kibovu.

Siku iliyofuata Baba mdogo alitoka kufuata uji getini. Ukaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nilisoma ukurasa wa mwisho kabla ya kununua. Nikasema nilisoma. Ukageukia dirishani ulikokuwa ukungu, ukasema, "Basi kuna kitu mmeambiwa."

Hakukuwa na mtu, Baba. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Ningesema ndiyo. Ningekushika mkono nikasema ndiyo Baba, ni ini, wametupa wiki, naogopa. Ungeniambia la kufanya. Tangu nizaliwe, nikiogopa, wewe ndiye uliyeniambia la kufanya. Nikasikia viatu vya Baba mdogo koridoni. Nikatabasamu, nikasema, "Hapana Baba, ni vidonda tu."

Ukanitazama, ukasema haya. Na blanketi likaanza kusogea. Miguu yako ilikuwa inajivuta, taratibu, mpaka magoti yakainuka, na Baba mdogo akaingia na chupa ya uji akasema leo mzee umeng'aa.

Ukamwambia naam, nimeng'aa.

Hukuniuliza tena. Uliishi siku tisa, na siku zote tisa ulitabasamu pamoja nasi. Ulipanga shamba la viazi la msimu ujao. Ulimwagiza Isaya aangalie ile miti ya milingoti kule Kichiwa isikatwe mpaka utakapotoka. Ulimtania Mama kwamba akikuzoesha supu za kuku utakataa kurudi kwenye maharage. Tuliigiza sote, wewe ukatushinda. Nilitaka kukatiza, nakuapia nilitaka, kila siku nilikuja na neno mdomoni, nikakuta umeshanitabasamia, na neno likarudi nilikolitoa. Siku ya tisa hukuamka. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka chungwa nililokumenyea na hukulila.

Msibani Baba mdogo alisimama, akasema Mungu alikusitiri, kwamba hukujua hata ulichokuwa unaumwa. Watu wakaitikia amina. Nikaitikia nami. Yaani hata kaburini nilikudanganya, udongo haujakauka.

Tulipomaliza matanga nikarudi Makambako kukitafuta kile kitabu. Nilitaka nikisome mpaka mwisho, nijue yule mwanamume alifanyaje alipowakuta jikoni. Labda aliwapigia kelele. Labda mtoto mmoja alisema. Yohana akaniambia kilishanunuliwa, na mtu mpita njia, abiria wa basi aliyeshuka kununua maji. Hajui anatoka wapi wala anakwenda wapi. Nikapekua turubai lote bure, jiwe kwa jiwe, huku upepo unapeperusha kurasa na Yohana ananipa pole. Sitajua kamwe kinavyoisha.

Na sasa sikuambii hili ili unionee huruma, nakuambia kwa sababu ni kazi yetu: hakuna kitabu kinachonitisha tena. Yule mwalimu wa sekondari uliyekuwa unabadilishana naye bado anakuja hapa, ananiomba nimchagulie, anasema mkono wa mzee umebaki kwangu. Namchagulia. Nafuata weusi, nafungua katikati, nasoma mwisho. Anarudi anasema hakulala, ahsante sana. Mimi nimesoma hicho hicho nikaona wino. Maiti inainuka kwenye jeneza, nami nawaza, na iinuke, angalau wataongea. Ule utamu wa kuogopa kitu kisichokuwepo umeniondoka, na sioni utarudije. Huo ndio uliokuwa wetu, Baba, wa wawili tu, na nimeuzika kwa mkono wangu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Jumapili iliyopita, tumetoka ibadani, Mama alikuwa anachambua maharage juani nje ya mlango. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, kile kitabu nilichokupelekea hospitali kilikuwaje. Mama, ambaye maisha yake yote hakukubali hata kukisogeza kitabu chako kwa fagio. Nikasema kilikuwa chepesi. Akasema anajua.

Akaniambia ulimwuliza yeye kwanza, akasema vidonda. Ukamwuliza Isaya, akasema vidonda. Ndipo ukamwambia Mama, "Nitamtuma Tumsifu kitabu. Kwa mdomo atanidanganya kama ninyi, lakini kwenye kuchagua hajui kudanganya."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo, na gauni la kanisani.

Kwa hiyo hukutaka kitabu. Ulikuwa unauliza, na nilikujibu bila kujua kwamba najibu. Siku ile uliponiuliza habari ya ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshajua kila kitu. Hukuwa unatafuta kujua, Baba. Ulikuwa unatafuta mtu wa kujua pamoja nawe. Ulimkosa Mama, ukamkosa Isaya, ukaja kwangu mimi, wa mwisho, uliyenifundisha mwenyewe, nami nikakuonyesha meno.

Mama naye alijua siku zote tisa kwamba unajua. Alikuletea supu, ukamtania, akacheka. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona mimi sijasema. Tukakaa hivyo, maharage yamemjaa mapajani. Kisha akaniomba maji.

Sikuombi msamaha. Nimejaribu kuuandika hapa na mkono umekataa, kwa sababu najua ungenipa, na ungenipa kwa lile tabasamu la siku tisa, na mimi siwezi kulitofautisha tena na lile lingine. Mchungaji anasema tutaonana. Sijui. Kama ni kweli, usinipokee kwa upole. Nitukane kwanza, mbele za watu, kwa sauti.

Mteja amefika, ameshika suruali ya mumewe, anangoja nimalize. Nikuage, Baba. Pumzika huko Kichiwa, milingoti yako haijakatwa. Nasikia barua ya namna hii inafungwa kwa ahadi, na nimetafuta ninayoweza kuitimiza. Nakuahidi sitakudanganya tena. Ni ahadi rahisi, najua, kwa sababu huniulizi tena kitu.

Mwanao,
Tumsifu